Karafuu Maiti Garini

Gari la mtumba alilonunua mdogo wangu, ndugu yangu wa pekee, linanuka karafuu maiti. Wajukuu zangu wameshajazana nyuma, wanacheka. Mimi nimesimama nje, nimeshika mlango.

Nilikuwa mtoto baba alipotupeleka Malindi kuchagua gari. Yalikuwa mawili, yote yamechoka: moja dogo la chini, linang'aa, na jingine landrova ndefu yenye viti vya ubavuni. Mama alikuwa mja mzito, tumbo limeshuka. Nikachungulia ndani ya landrova, harufu ikanipiga. Nilikuwa nimeinusa mara moja tu, kwenye sanda ya bibi siku ya kumzika.

"Limebeba maiti!" nikapiga kelele.

"Karafuu maiti nimeiweka kufukuza mende, we mtoto!" mwenye gari akafoka.

Baba akalegea, akageukia lile dogo. Mama akamshika shati. "Bwana we, matope ya kwetu Jilore yakikishika hicho kidude, nitakisukuma mimi na tumbo hili?"

Tukachukua landrova.

Mvua zikaja, na uchungu ukaja nazo. Njia nzima ya kwenda hospitali mama alilala chali sakafuni mwa gari, kama bibi alivyolazwa, na harufu ni ile ile. Kila alipofumba macho nilimfumbua kope kwa vidole.

"Niache nizae, shetani we!" akanguruma.

Sijapata kufurahia tusi kama lile.

"Dada, panda basi," mdogo wangu ananiita, mikono kwenye usukani. "Unaogopa nini?"