Kashe Juu ya Visanduku

Mama mmoja wa kanisa letu, muuza vitenge, alikuja na klé ya kompyuta, yaani flashi, kwenye sekretaria yangu hapa Vulamba, mjini Butembo, ninapochapia watu barua. Alikuwa anakwenda China kununua mali, mara yake ya kwanza. Karanga zinamdhuru: akila hata mafuta yake, koo linajifunga. Binamu yake aliyesoma huko alimwandikia onyo kwa Kichina, awaonyeshe wapishi.

Nikafungua. Kwenye skrini kulikuwa na visanduku vitupu, mstari baada ya mstari. Nilijua si Kichina. Nani Butembo hajaona Kichina, na kila katoni ya termosi sokoni inacho? Mashine yangu haikuwa na herufi zile, basi. Lakini mimi ndiye niliyejigamba kwamba hakuna karatasi inayonishinda, na watu watatu walikuwa wanangoja. Nikachapa visanduku.

"Tia kashe, mutoto yangu," akasema. "Karatasi bila kashe, nani ataiamini?"

Nikapiga muhuri, tena kwa nguvu, nikaifunika plastiki.

Alirudi uso wake bado umevimba kidogo. Mpishi aliitazama karatasi, akacheka, akampa supu. Akalazwa hospitali siku nne.

"Hapana kosa yako," aliniambia. "Labda ule mupishi hakusoma masomo." Akaniletea na shati. Sijawahi kuchukia nguo namna ile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika China.

Shida ni kwamba mdogo wake wa Beni, mwenye ugonjwa uleule, naye alikuwa anasafiri kwenda China, na alihitaji karatasi kama ile. Safari hii niliongeza Kichina kwenye mashine na kupakua herufi zake. Visanduku vikageuka maandishi. Nilimtumia binamu picha, akajibu kwamba ni sawa. Kazi yote ilichukua nusu saa. Nusu saa tu, Mungu anisamehe.

Mama akaweka karatasi zote mbili mezani, ya zamani na mpya, akazitazama sana.

"Na hii ya kwanza, ilikuwa inasema nini?"

Nikamwambia ni Kichina cha zamani.

Aliniamini. Akazitia zote mbili katika bahasha ya mdogo wake. "Akikuta muzee," akasema, "ataonyesha hii ya zamani."

Zote zilikuwa na kashe yangu. Nikamfungia bahasha.