Mstari wa Nyasi Katikati ya Theluji

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Reino Haapala anafungua mlango wa tanuri kwa ndoana ya chuma, anageuza uso pembeni, anahesabu hadi tatu, ndipo anatazama ndani. Ukiwa na haraka, anasema, moto unakulamba nyusi. Ya kwake ya kushoto imeshaota upya mara mbili.

Anavuta makaa mbele kwa reki, anachota jivu la jana na kulitia kwenye ndoo, anapanga magogo manne ya mwaloni na kufunga mlango. Kisha anagonga kioo cha kipimajoto kwa ukucha. Themanini. Pampu inanguruma taratibu, na maji ya moto yanashika safari yake chini ya ardhi, mita arobaini, kwenda kupasha joto nyumba na karakana iliyoungana nayo.

Kwa nje tanuri hili ni kibanda cha bati, ukubwa wake hauzidi choo cha shimo, kimesimama peke yake nyuma ya ua. Ndani yake mna sanduku la chuma nene lililozungukwa na maji. Reino alilichomelea mwenyewe miaka ishirini na tisa iliyopita, mgodi wa shaba ulipofungwa na kuwaacha mamia ya wanaume wa pande hizi za kaskazini mwa jimbo la Michigan wakitazamana. Alikuwa fundi wa kuchomelea mgodini. Leo ana miaka sitini na nane na ndevu zinazonuka moshi hata baada ya kuoga.

Karakanani hutengeneza majiko ya sauna, vile vyumba vya mbao vya kuogea mvuke. Mwaka jana aliuza tisa, dola mia saba kila moja, na ukijumlisha na pensheni ya dola elfu moja na mia sita kwa mwezi, maisha yanakwenda. Lakini si fedha inayompeleka huko kila asubuhi.

“Nikikaa ndani na Marlys kutwa nzima,” anasema, “mmoja wetu ataishia jela.”

Marlys ni mkewe. Anaposikia hayo anaendelea kukata mkate wa iliki, na hakanushi.

Mwezi wa sita mwaka jana Reino alifanyiwa operesheni ya bega. Binti yao, Kristine, ambaye ni muuguzi katika mji wa Green Bay, alikuja kumuuguza na akarudi tena Septemba na shauri lililokamilika: wauze nyumba, wahamie kwake, kuna chumba chini na joto linawaka kwa kubonyeza kitufe. Reino, ili kumaliza maneno, akatoa ahadi mezani. Kuni alizopasua kwa mikono yake zikiisha kabla ya theluji kuisha, atazima tanuri, atafunga karakana, watahama. Hatanunua kuni, wala hatakubali mtu ampasulie. Kristine akayaandika maneno hayo kwenye kalenda ya jikoni, na yapo hadi leo.

Kwa kawaida hupasua safu ishirini na nane za kuni, safu moja kwa kila wiki ya baridi. Safari hii bega liligoma kwenye ya ishirini na tatu. Ilipofika tarehe tano Februari zilikuwa zimebaki saba, na theluji ilikuwa na wiki kumi na moja mbele yake. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Na hapo ndipo linapoingia suala la nyasi.

Kutoka tanurini hadi ukutani mwa nyumba, palikuwa na mstari ambao theluji haikukaa. Upana wake ulikuwa kama wa mkeka wa kulalia mtu mmoja. Ua mzima ungefunikwa hadi kiunoni, lakini pale nyasi zilisimama kijani kibichi katikati ya Januari, na paa wa msituni walikuja kuzila alfajiri. Marlys aliupita na kandambili kwenda kumwaga jivu. Mtu yeyote wa hapa akiona mstari kama ule anajua maana yake: bomba lililofukiwa chini halikuvikwa vizuri, na joto linapotelea ardhini.

Watu wa hapa hawamwambii mtu kosa lake. Humjulia hali tu. Duane Perrault, jirani anayeendesha gari la kusukuma theluji barabarani, alipunguza mwendo mbele ya ua ule kila msimu wa baridi na kuuliza swali lile lile: “Reino, nyasi umeshakata?”

Na Reino alijibu jibu lile lile: “Jua hupiga sana hapa.”

Upande ule ni kaskazini mwa nyumba. Jua haliufikii tangu Oktoba hadi Machi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Reino aliumbuliwa na theluji kila mwaka, mchana kweupe, na kila mwaka alitazama pembeni.

Aliyemgeuza uso ni mbwa. Siku hiyo ya tarehe tano, Musti, mbwa wao mweusi, alipata mfupa wa paa akaufukia. Reino alimwona kupitia dirisha la karakana na mwanzoni hakushtuka. Kisha akaweka chini kifaa cha kuchomelea. Huku ardhi huganda zaidi ya mita moja. Anayekufa Januari husubiri kwenye kibanda cha mawe makaburini hadi Mei, kwa kuwa hakuna sepeto inayoingia. Na huyu mbwa alichimba shimo kwa makucha, akamaliza, akaenda zake.

Reino alichukua sepeto akaisukuma kando ya lile shimo. Ikazama yote, kama kwenye shamba lililolimwa jana.

Kila kiangazi alijiambia bomba atalifukua, na kila kiangazi alikuwa na sababu: majiko ya watu, kuni, bega. Kila msimu wa baridi sababu ilikuwa moja tu, ardhi imeganda. Sasa alikuwa amesimama Februari juu ya udongo laini aliouyeyusha mwenyewe kwa kuni zake. Anasema alisikia aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kumfukuza mbwa.

Akatoa vipimajoto viwili. Maji yalitoka tanurini na nyuzi themanini, yakaingia nyumbani na sitini na sita. Akaenda jikoni.

“Marlys, bomba linapoteza joto.”

Marlys alikuwa anakanda unga. Hakugeuka. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu baridi ya pili.”

“Miaka yote hiyo, mwanamke, mbona hukusema?”

Alifuta mikono kwanza. “Mwaka ule mgodi umekutupa, ulikuwa huli, hulali, hunitazami usoni. Ukalifukia lile bomba, jioni ukaingia ndani unaimba. Nikasema basi. Huyu akiimba, kuni zitapatikana.”

Reino alikaa. Bomba lile alikuwa amelivika vipande vya sponji ngumu alivyookota kwenye ghala la kugandishia nyama lililobomolewa, kwa sababu mwaka ule hakuwa na senti ya kununulia kingine. Maji ya ardhi yaliingia humo mapema sana.

“Kuni zote zile,” alisema, “nilikuwa nawapashia minyoo joto.”

“Na mimi nilikuwa nazipanga,” alijibu Marlys, akarudi kwenye unga wake.

Kubadilisha bomba katikati ya baridi si kazi ya mtu mmoja. Pampu ikizimwa, nyumba huanza kupoa, na ikipoa hadi kesho yake, mabomba ya ndani huganda na kupasuka. Lazima ianze na iishe siku moja. Reino, ambaye hajawahi kuomba msaada hata wa kushika ngazi, alikwenda kusimama kando ya barabara na kungoja gari la theluji. Duane alipofika alisimamisha, kwa kuwa hakuwahi kumwona amesimama pale.

“Jumamosi una nafasi?” aliuliza Reino. “Nataka kukata nyasi.”

Duane alizima injini kabisa. “Nije na watu wangapi?”

Walikuja saba, kila mmoja na sepeto yake. Pampu ilizimwa saa tatu asubuhi. Mtaro ulifuata mstari wa nyasi bila kupimwa, na nje ya mstari ule hata sululu ilidunda. Sponji ya zamani ilitoka nzito, inadondosha maji, kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Duane aliokota kipande, akakipima uzito mkononi, akakiweka chini. Bomba jipya, lenye koti lake la kiwandani, lilimeza fedha ya majiko matatu.

Mchana joto la nyumba lilishuka hadi nyuzi tisa, na Marlys aligawa kahawa akiwa na koti na kofia. Saa kumi jioni maji yalianza kutembea tena. Themanini kutoka, sabini na tisa kuingia. Reino alisoma mara mbili, akamwita Marlys naye asome. Baadaye wote wakaingia sauna, kama Jumamosi nyingine yoyote.

Kristine alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu: kuna kuni zilizoongezwa? Hakuna. Basi ahadi iko pale pale, alisema, na kuni zikiisha hata siku moja kabla ya theluji, atakuja na lori.

Sasa ni wiki mbili tangu siku hiyo. Safu moja, ambayo iliteketea kwa siku saba, inakwenda kumi na moja. Zimebaki tano, ambazo zitamfikisha tarehe kumi na tisa Aprili. Mwaka jana theluji iliisha tarehe ishirini na mbili. Mwaka juzi, kumi na tano.

Akivuka, anasema, msimu ujao atahitaji safu kumi na nane tu. Bega lake ameshalipima. Ishirini na nane haliwezi tena, na hatabisha na daktari. Kumi na nane linaweza.

Juzi theluji ilianguka, ikafika magotini. Marlys alitoka na ndoo ya jivu, akakanyaga kwa mazoea pale palipokuwa na mstari, akazama na kandambili zake. Ua ni mweupe mtupu, ukuta hadi ukuta, na Reino, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa, inambidi achimbe njia ya kwenda tanurini kwake.

Yuko katikati ya njia hiyo gari la theluji linapopunguza mwendo. Duane anatazama ua, anatafuta pa kuanzia, hapaoni. Anashusha kioo.

“Zitafika?”

Reino anaegemea sepeto. Anazitazama safu tano, kisha anga, ambalo ni la kijivu tangu asubuhi na halina dalili ya kufunguka.

“Jua hupiga sana hapa,” anasema.