Kocha Aliyetoka Ng'ambo ya Holili

Juzi, kwenye kiwanja kimoja cha Moshi mjini, nilimwona kocha akibonyeza mabega ya watoto kama mtu anayenunua mbuzi, na hasira ya miaka mingi ikanipanda.

Nilikuwa na miaka kumi. Kocha wa raga, ule mpira wenye umbo la yai, alikuja kwetu Marangu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Holili, upande wa Kenya, kutafuta watoto wa kuwalea mpaka wawe wachezaji wa kulipwa. Kiwanja kilinuka nyasi mbichi na maganda ya kahawa yaliyoanza kuoza. Alisema kwa kila nyumba atachukua mtoto mmoja tu, kisha akanisimamisha mbele ya kaka yangu, Aloyce.

"Mwangushe kama humjui," aliniambia.

Nilimvamia Aloyce kiunoni kwa nguvu zangu zote. Alianguka vibaya, na nikasikia bega lake likilia kama tawi kavu la mbuni. Hakupiga kelele, alifumba macho tu. Kocha alimruka pale chini, akanishika mkono.

"Huyu ana roho mbaya," akasema. "Ndiye ninayemtaka."

Nilidhani ananigombeza. "Nisamehe, mwalimu," nikamwambia huku nikilia, naye akacheka. Mama alitoka mbio kwenye migomba, akampakata Aloyce, akamwambia kocha, "Chukua mpira wako uondoke, kabla sijachukua panga."

Sikwenda popote. Bega la kaka halikunyooka tena. Leo najua kwamba yule mtu alikuwa akinisifu, na ndiyo maana nimeshindwa kumsamehe.