Pete Aliyoing'arisha Msasa

Mtaa mzima ulimwita Tulia, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Hilo la mtaani lilitokana na kazi yake. Kila aliyekaa kwenye kigoda chake kupigwa picha alisikia neno hilo moja, awe mtoto mchanga, bwana harusi, au hata yule askari aliyekuja na kofia yake akitaka picha ya kitambulisho. "Tulia." Na watu walitulia. Aliyeshindwa kutulia ni mwenye neno. Hasira zake zilikaa karibu kama kiberiti mfukoni, na wateja wa zamani walijua kwamba akianza kuvuta pumzi kwa pua, ni wakati wa kunyamaza na kutazama pale anapoelekeza kidole.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, kati ya muuza vitambaa na kinyozi. Mbele kulikuwa na pazia la kijivu, kigoda, na taa mbili. Nyuma, nyuma ya mlango uliozibwa nyufa kwa magunia, kulikuwa na chumba cha giza alikosafishia picha. Wenzake wote walishahamia kwenye kamera za kompyuta, yeye akabaki na filamu. Walimcheka. Aliwaambia, "Chekeni, ila meno yenu niliyapiga mimi, na bado yanaonekana."

Kamera yake ilikuwa ya dirisha. Kamera ya namna hiyo haikuonyeshi kile ambacho lenzi inakiona. Unachungulia kwenye kidirisha pembeni, unaona sura mbili za mtu mmoja, moja imefifia kama kivuli, nawe unazungusha lenzi mpaka zilaliane ziwe moja. Zikilaliana, umepata. Ndani kuna kigurudumu kidogo kinachoegemea mgongo wa lenzi, na hicho ndicho kinacholiambia dirisha lenzi imefika wapi. Kwa hiyo mpiga picha anaishi kwa kuamini. Haoni picha yenyewe mpaka filamu itoke kwenye dawa.

Lenzi zake mbili zilikuwa kuukuu kuliko kamera. Zilitengenezwa zama za kufunga kwa skrubu, wakati kamera ilitaka lenzi ya kuingiza na kuzungusha kidogo mpaka ilie "tak". Ndipo ilipohitajika pete ya kuziunganisha. Pete hiyo aliichonga mdogo wake, mkereza vyuma, miaka saba nyuma. Aliichonga siku mbili nzima kwenye mashine yake, upande mmoja skrubu, upande wa pili masikio matatu, unene milimita moja kamili. Tulia aliihamisha kutoka lenzi fupi ya kila siku kwenda lenzi ndefu ya nyuso, na kuirudisha, mpaka vidole vikazoea. Siku alipokabidhiwa pete alimsifu mdogo wake mbele za watu, jambo ambalo hakulirudia.

Mdogo mtu aliitwa Msasa. Hakuna chuma kilichopita mikononi mwake kikatoka bila kung'aa. Ukimpelekea bawaba, inarudi kama kijiko cha wageni.

Sasa, mama yao alikuwa anaondoka. Miguu ilikuwa imechoka na ngazi, na binti yake mkubwa, anayeishi mwendo wa siku mbili kutoka pale, alikuwa anakuja na gari Jumapili asubuhi kumchukua akae naye moja kwa moja. Na Tulia, aliyepiga mji mzima, hakuwa na picha ya mama yake hata moja. Kinyozi alimtania kila mwaka: "Dada, ukutani kwako wamejaa watu. Mzazi yuko wapi, au ulizaliwa na kamera?"

Si kwamba hakuomba. Mama alikataa. Alipigwa moja ya kitambulisho, zamani, na mpiga picha mwingine. "Nikatoka kama mwizi wa kuku," alisema, "na serikali ikanipa niitembeze." Tangu hapo akiona kamera alifunika uso kwa upindo wa shuka, kwa kiganja, kwa sahani, kwa chochote. Miaka ishirini na mbili. Ijumaa ile, nguo zikiwa zimeshafungwa, Tulia alipiga magoti kabisa. Mama akamtazama, akasema, "Mara moja. Usije kuniambia nyingine."

Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha la nyumbani, mikono mapajani. Tulia alifunga lenzi ndefu, ile ya nyuso. Sura mbili zikalaliana vizuri, mpaka ile mikunjo ya jicho. Alipiga filamu nzima, na mama hakufunika uso hata mara moja.

Jumamosi saa nane mchana alisafisha. Alipoitundika filamu kwenye kamba na kuweka kioo cha kukuzia juu ya picha ya kwanza, aliona mikono. Kila mshipa, kila kovu la jiko, hata uzi uliochomoka kwenye shuka pale mapajani. Akapandisha kioo juu. Uso ulikuwa ukungu. Akaenda picha ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Mikono, mikono, mikono. Zote thelathini na sita, mikono mikali kama wembe, na juu yake mtu asiye na uso.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa pua. Kinyozi aliyekuwa mlangoni akaingia kwake akafunga.

Alitoa lenzi kwenye kamera, akaifungua pete, akaiweka kwenye kiganja. Iling'aa. Wiki mbili nyuma pete ilikwama kwenye lenzi ndefu, akampelekea Msasa ainasue, na ilirudi ikimetameta. Alidhani ameipangusa mafuta. 

Karakana ilikuwa mtaa wa tatu. Alitembea na mkoba wa kamera na filamu begani, pete ndani ya ngumi. Msasa alikuwa ameinama juu ya mashine, miwani imejaa vumbi la chuma.

"Dada! Karibu, nikupe kiti..."

"Zima mashine."

Akazima.

"Hii pete uliifanya nini?"

"Niliinasua. Nikaipiga msasa kidogo, halafu nikaipeleka kwenye mashine nikaila ile mikwaruzo. Umeona ilivyotakata? Sikukutoza." Akatabasamu. "Ilikuwa zawadi."

"Chukua maikrometa."

"Dada, kuna nini?"

"Chukua maikrometa, pima, usome kwa sauti."

Akapima. Akapangusa miwani, akapima tena upande mwingine. Sauti ikashuka. "Themanini na tano."

"Themanini na tano ya nini?"

"Ya mia. Ya milimita. Imepungua kumi na tano. Lakini dada, hiyo ni karatasi mbili! Karatasi mbili tu!"

"Karatasi mbili ni uso wa mama!"

Fundi baiskeli wa jirani alichungulia, akaona, akarudisha kichwa. Tulia alitupa filamu juu ya meza, ikajikunja kati ya misumari. "Tazama. Tazama kazi ya mikono yako. Nani alikutuma? Nilikuambia ing'ae? Nilikuambia nataka kuivaa? Kila kitu kwako lazima kimeremete! Ulipokuwa mdogo ulisugua sufuria ya mama mpaka ikatoboka, na ulipigiwa makofi na shangazi, ndiyo maana huponi!"

Msasa aliinua filamu kwenye mwanga.  Kisha na yeye akapandwa na hasira zake.

"Sawa. Nimekosa. Lakini wewe umeitumia kazini wiki mbili hii pete. Picha za mahafali zilitoka? Zilitoka safi, nimeziona. Picha za yule mwenye duka la viatu? Safi. Kama pete ni mbovu, zile zilitokaje?"

"Zile nilipiga kwa lenzi fupi."

"Kwa hiyo?"

Jibu Tulia alilijua tangu njiani, na ndilo lililokuwa linamchoma zaidi. Lenzi fupi ndiyo ambayo kigurudumu cha kamera kilipimiwa. Pete ikipungua, lenzi inakosea na dirisha linakosea, kwa kiasi kilekile, na kosa linajifuta lenyewe. Unaweza kupiga mwaka mzima usijue. Lenzi ndefu haina msamaha huo. Kwake dirisha linasema macho, na filamu inapokea mapaja. Kila anayetumia lenzi kuukuu kwa pete analijua hilo: pete ikiguswa, ijaribu kwa lenzi ndefu kwanza. Yeye alijaribu kwa fupi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani, akaridhika.

"Kwa hiyo hukuijaribu kwa ndefu," Msasa alisema taratibu.

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha."

"Basi usiishushe hivyo! Una shaba nyembamba?"

Alikuwa nayo, kwenye droo, karatasi ya shaba ya kumi na tano kamili. Alikata duara, akatoboa katikati, akatoa chunusi za kingo, zile ncha ndogo za mkato, kwa kisu. Mkono ukajiendea wenyewe kwenye kipande cha msasa. Tulia akaupiga kofi.

"Ukiisugua hiyo nakumenya."

Waliipachika ile shaba kati ya pete na lenzi ndefu. Tulia akafungua mgongo wa kamera tupu, akabandika karatasi ya mafuta pale filamu inapopita, akaliacha jicho la kamera wazi na kumwelekezea fundi baiskeli nje. Alichungulia dirishani mpaka sura mbili zikalaliana, kisha akatazama karatasi kwa kioo. Ndevu za fundi baiskeli zilisimama moja moja. Hakusema asante. Alitia filamu mpya, akaichukua ile ya mikono na kuondoka, Msasa akimfuata nyuma kwa hatua kumi.

Mama alikuwa sebuleni akihesabu mabegi.

"Mama, naomba ukae tena."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Zimeharibika."

"Zote? Lete nione."

Tulia aliifungua filamu kwenye mwanga. Mama alisogeza macho, akasogeza mbali, akasogeza karibu. "Hii ni mikono."

"Ndiyo."

"Nimekaa saa nzima, shingo imekauka, umenipiga mikono? Nitundikwe ukutani watu wadhani mmezaliwa na glavu?" Akairudisha. "Basi. Mungu hakutaka."

"Mungu hajagusa hapa! Aliyegusa ni mwanao!" Na hapo kiberiti kikashika. "Kesho unaondoka. Nikitaka kukuona nitazame nini? Miaka ishirini na mbili umejificha nyuma ya sahani, kwa picha moja mbaya ya mtu hata hayupo! Watu wananiletea mama zao niwapige, nawaambia wainue kidevu, watabasamu, na mimi wangu sina! Unajua ninavyojisikia? Hujui, kwa sababu hujawahi kuuliza!"

 Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kumfokea mama. Msasa, mlangoni, alianza kurudi kinyumenyume.

"Wewe! Unaenda wapi?" Mama alisimama, miguu mibovu na yote. "Njoo hapa! Unanigombanisha na dada yako halafu unatoroka? Nani alikuambia uguse chombo cha kazi cha mtu? Nilikuzaa na mikono miwili, mbona inafanya kazi ya mikono kumi?"

"Mama, ilikuwa zawadi..."

"Zawadi! Sufuria yangu nayo ilikuwa zawadi!"

Alikuwa ameelekeza kidole, kidevu juu, macho yote mawili wazi, mwanga wa saa kumi na moja ukimjia ubavuni. Tulia hakusema tulia. Aliinua kamera, akalaza sura mbili juu ya jicho la mama, akapiga. Akasogeza filamu, akapiga. Mara nne kabla mama hajasikia.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga."

"Nikiwa hivi?"

"Nikuombe mara ngapi?"

Mama akaenda chumbani, akafunga mlango. Chakula kilipopakuliwa, hakutoka.

Asubuhi gari lilifika, na dada mkubwa akashuka akijinyoosha mgongo. Mabegi yalipokwisha kupakiwa, Tulia alitoa bahasha kwenye mkoba na kumpa mama. Mama aliitoa picha. Hakuna kilichokuwa kimefifia. Ulimwona hadi unyevu wa jicho, hadi ile mishipa miwili ya shingo inayotoka akikasirika.

"Ndivyo ninavyokuwa?"

Dada mkubwa akachungulia begani kwake, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Mama, ndivyo! Tangu tuko wadogo! Nimeiona tu nimetaka kwenda kuosha vyombo."

Mama hakucheka, lakini hakuufunika uso ule. Aliigeuza kuelekea jua, akaitazama tena. "Angalau huyu hajaiba kuku," alisema. Akaiweka kwenye mkoba wake, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu. "Toa nyingine. Mbili, yako na ya mdogo wako. Siku mkigombana mnitazame."

"Yake sitoi."

"Utatoa."

Gari likaondoka. Msasa aliyekuwa akipunga mkono aliushusha, akageuka. "Dada, nikuchongee pete mpya? Nzito, ya chuma cheusi. Siisugui, naapa."

"Usiniguse leo," Tulia alisema, akavuka barabara.

Picha ya mdogo wake aliitoa. Ila alikaa nayo wiki tatu. Siku alipoipeleka hakuingia karakanani. Aliipitisha kati ya nondo za dirisha, ikaangukia kwenye vumbi la chuma, na Msasa alipozima mashine na kuita "Dada!", Tulia alikuwa ameshafika kwa fundi baiskeli, anatembea haraka, anavuta pumzi kwa pua.