Mniko wa Kubuni

Kabla ya chuo kumtuma Ambokile kijijini Nyamwaga, kitu pekee kilichomtisha Waisiko kilikuwa wanakwaya, ambao huleta vitambaa vya sare siku chache kabla ya makambi ya kanisa na wote wanataka nguo iwabane kiunoni bila kuwabana mahali pengine. Ni fundi cherehani. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara ya vumbi, ana cheti cha kidato cha nne, na ana mdogo wake, Mniko, aliyemlea tangu mama yao afariki. Mniko alikuwa amerudi karibuni kutoka Nyakunguru, alikokwenda kuchimba dhahabu. Alileta nyumbani kikohozi na mabuti ya mpira. Hayo mabuti alikuwa hayavui hata siku ya jua kali, kana kwamba akiyavua dhahabu itajua ameshakata tamaa.

Ambokile alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya aliyekuwa akisomea udaktari, si ule wa sindano, ule mwingine usioponya mtu. Utafiti wake ulikuwa hivi: unamsomea mtu habari fupi, kisha unamuuliza habari hiyo imesema nini. Shida yake haikuwa kujua kama mtu ameelewa. Alitaka kujua mtu ameongeza nini kichwani mwake ambacho msemaji hakukisema. Mama mkwe yeyote angemweleza bure, lakini mama mkwe hatoi shahada.

Alimwajiri Waisiko asome habari hizo kwa Kiswahili na, kwa wazee, kwa Kikurya. Kulikuwa na habari ya mwalimu na chaki, ya kuku na jirani, ya mgonjwa na dawa. Moja ilikuwa ya ng'ombe. Dar es Salaam, alikoijaribu kwanza, mhusika aliitwa Juma. Huku alitaka jina la huku, ili watu wajisikie nyumbani, akamwomba Waisiko ampe jina la kawaida kabisa, la mtu yeyote. Waisiko alikuwa na pini mdomoni, anapima shingo ya mteja. Akatoa lililokuja la kwanza.

Habari ikawa hivi: asubuhi, ng'ombe wa jirani hawakuonekana zizini, Mniko alionekana akirudi nyumbani, viatu vyake vina matope. Halafu swali: je, habari hii imesema kwamba Mniko ameiba ng'ombe? Kwenye kishikwambi kulikuwa na kitufe cha kijani, ndiyo, na chekundu, hapana.

Mtendaji wa kijiji, kijana mgeni aliyependa sana kipaza sauti, akatangaza kama alivyoelekezwa na barua ya chuo. Kila kaya itoe mtu mzima mmoja. Wafike shuleni. Waingie mmoja mmoja, mlango ufungwe. Jina la mtu halitaandikwa, jibu lake ni siri, asimweleze mwenzake, asiogope.

Sasa, kwa mtu wa Nyamwaga, maneno hayo yana maana moja tu. Ng'ombe wakizidi kupotea, kijiji huitisha kura ya siri: unaingia peke yako, unamtaja mwizi, unatoka. Hakuna shahidi wala wakili, na anayetajwa na wengi ndiye. Wa mwisho kutajwa hivyo alichomewa nyumba, akavukia Kenya kwa shemeji zake, hakurudi tena. Ng'ombe aliyemponza alikutwa baadaye kwenye migomba ya mwenye ng'ombe, amenenepa. Nyumba ilikuwa imeshaungua, na majivu hayaombwi radhi. Chuo, kwa kuheshimu maadili ya utafiti, kilikuwa kimeandaa kura ya siri safi kuliko zote zilizowahi kupigwa hapo. Tofauti ilikuwa moja: safari hii jina lilikuwa limeshaandikwa.

Watu walikuja wamevaa nguo za kanisani. Habari ya kuku waliisikiliza kwa adabu, ya chaki walipiga miayo. Ilipofika ya ng'ombe wakasogeza viti. Wengi waliuliza, Mniko yupi? Na mwongozo wa utafiti ulimkataza Waisiko kujibu chochote isipokuwa sentensi moja. Bibi mmoja jirani yao, aliyempokea Mniko siku anazaliwa, aliinama akamnong'oneza kwa Kikurya, "Mniko wenu?"

"Jibu kama ulivyoelewa, mama," Waisiko akasema.

Bibi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeletewa habari ya msiba na bado hajalia. Kisha akabonyeza kijani.

Huruma haikuwamo kwenye mwongozo, Waisiko akaendelea kusoma.

Kesho yake alifungua kibanda, na mteja wa kwanza akataka kitambaa chake kirudishwe, hata kama hakijakatwa. Wa pili hivyo hivyo. Hawakugombana naye, na hilo ndilo lililomtisha. Mkurya asipogombana na wewe, ujue ameshakutoa kwenye hesabu za watu. Mmoja alimpa pole kwa mambo ya mdogo wake. Waisiko akauliza mambo gani. Yule mama akafunga kitambaa kwenye mfuko, akaondoka haraka, bila kugeuka.

Kisha Mniko akaja, na mabuti yake. Alikuwa anacheka, ila mdomo peke yake ndio uliocheka. Alisema vijana kijiweni wamemwambia kura zimemkalia vibaya, na kwamba Mzee Mseti, mwenye ng'ombe wengi na sauti nyingi kijijini, ameitisha ritongo, baraza la mila, mchana wa siku inayofuata pale kwenye josho.

"Dada, nimeiba wa nani?" akauliza. "Niambie, ili nikiulizwa nisibabaike."

Sindano ilikuwa imeingia kidoleni mwa Waisiko na hakuisikia. Alimwambia avuke mpaka wa Kenya siku hiyo hiyo, aende kwa mjomba. Mniko alikataa: akikimbia, atakuwa amekubali. Na alikuwa sahihi, ndiyo sababu Waisiko aliona giza mchana ule.

Alimkuta Ambokile darasani, mbele ya kishikwambi, amefurahi kama aliyeokota almasi. Karibu wote kijani, alimwambia. Dar es Salaam wengi walibonyeza nyekundu, na mmoja aliuliza kama mvua ilinyesha. Tofauti hiyo peke yake ni sura nzima ya kitabu.

"Mniko ni mdogo wangu," Waisiko akasema.

Ambokile akashusha kishikwambi taratibu. "Ulisema ni jina la kawaida."

"Ni la kawaida. Kwetu."

Akamweleza kura ya siri ni nini, na yule aliyechomewa nyumba. Ambokile alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama gari la Tarime mjini lilikuwa bado lipo. Waisiko akasimama mlangoni. Alimwambia kwamba akiondoka, watu wataelewa kuwa serikali imeshachukua jina na kuondoka nalo, na hapo hata mtume hawezi kumwokoa Mniko. Ambokile akabaki. Lazima isemwe kwa haki: alibaki na begi mgongoni, lakini alibaki.

Pale joshoni wanaume walikaa duara, fimbo mapajani. Wanawake walisimama mbali, kwa kuwa ritongo si mahali pa wanawake. Mniko aliwekwa katikati. Waisiko alikuwa anamtazama shingo tu, kwa sababu shingo ndiyo iliyokuwa ikitetemeka.

Ambokile aliwaamkia wote shikamoo, hata waliomzidi miaka miwili, akaeleza. Mniko yule wa kwenye habari si Mniko huyu. Ni mtu wa kubuni.

Mzee Mseti akauliza, "Huyo wa kubuni ana mama?"

"Hana, mzee."

"Ana zizi?"

"Hana."

"Sasa ng'ombe anawapeleka wapi?"

Wanaume wakacheka, lakini hakuna aliyeweka fimbo chini. Ambokile, akidhani kicheko ni mlango, akaongeza ushahidi: Dar es Salaam mhusika huyo huyo aliitwa Juma.

"Kwa hiyo wako wawili," akasema mtu kutoka nyuma, na kicheko kikakatika. Mtu mwingine akasema huyo Juma ndiye mnunuzi, si unaona yuko Dar. Mtendaji, aliyekuwa ameshika barua ya chuo, aliikunja akaitia mfukoni.

Wakaanza kuzungumzia mabuti. Mmoja aliyaona asubuhi, mwingine aliyaona jioni. Kila aliyezungumza aliongeza tope kidogo. Fimbo zikaanza kuhama kutoka mapajani kwenda mikononi. Hapo Waisiko akapita katikati ya wanawake, akasimama ukingoni mwa duara ambapo hakuna mwanamke anayesimama.

"Aliyeibiwa ni nani?" akauliza. "Asimame tumpe pole."

Walitazamana. Kila mmoja alimgeukia jirani yake akingoja asimame. Upepo ukavuma kwenye josho, ukaleta harufu ya dawa ya kupe. Hakuna aliyesimama. Kura ilikuwa imepigwa, mwizi alikuwa amepatikana, kilichokosekana ni wizi.

"Labda mwenyewe bado hajajua," akasema yule yule wa nyuma.

Hata Mzee Mseti alimtazama vibaya. Waliteta chini kwa chini muda mrefu. Kisha Mseti akatoa uamuzi, na aliutoa kama mtu anayemfanyia mwenzake hisani. Mniko asiguswe, kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyepotea. Ila kura za watu wazima haziwezi kuwa za bure. Ng'ombe yeyote akipotea Nyamwaga kuanzia leo, nyayo zitaanza kufuatwa mlangoni kwa Mniko.

"Umesikia, mura?"

Mniko alisema amesikia.

Ambokile aliondoka na gari la jioni. Alilia kidogo, aliomba msamaha sana, na alisema jina litabadilishwa. Kijani zake alikwenda nazo.

Tangu siku hiyo Mniko hachimbi wala halimi vizuri. Jua likielekea kuzama, anapita mazizi ya watu, anasimama nje ya uzio, anauliza kwa heshima kama ng'ombe wote wamerudi. Waisiko alimsihi aache, akamweleza jinsi inavyoonekana. Anajua inavyoonekana, alijibu, lakini asipouliza hapati usingizi. Wenye mazizi wameongeza miiba.

Na Sabato iliyopita, kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ombi, Waisiko alisimama. Alitaka waumini wawaombee ng'ombe wa Mzee Mseti, wafike salama, wasipotee hata mmoja. Kanisa zima likageuka kumtazama, na Mzee Mseti, benchi ya mbele, akainuka kabla ya sala, akatoka kwenda kuwaangalia.