Sumaku za Ng'ombe Zilizokwama Forodhani

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mwenye faili kwapani anasimama mbele ya kaunta ya forodha. Upande wa pili wa kioo, kwenye meza ya mkaguzi, kuna sumaku nene kama kidole gumba. Imejaa klipu za karatasi, pini na ufunguo wa droo.

"Sampuli yangu hiyo," ananiambia mimi niliye nyuma yake kwenye foleni. "Wameigeuza ya kushikia klipu."

Wenzake humwita Mama Vifungu. Ni wakala wa forodha: mzigo ukiingia kutoka nje, yeye huutafutia kifungu cha ushuru. Kiti kina kifungu chake, ndoo ina chake. Ukikosea kifungu umekosea ushuru, na hapo ndipo maneno huanza.

Safari hii kakosea kwenye katoni za sumaku za ng'ombe. Ng'ombe hula bila kuchagua. Msumari au waya ukiwa kwenye majani, anaumeza, nao humtoboa tumbo ukaelekea moyoni. Akimezeshwa sumaku, chuma hunaswa humo humo tumboni, naye anaishi.

Basi Mama Vifungu akaziandika kuwa vifaa vya tiba ya mifugo, visivyotozwa ushuru. Mkaguzi akakataa katakata.

"Mama, sumaku ni sumaku," anarudia leo, macho kwenye kompyuta. "Imezwe na ng'ombe, ibandikwe kwenye friji, kifungu ni kile kile."

Na inauma kusema, lakini mkaguzi yuko sahihi. Mama Vifungu mwenyewe anajua. Angekiri siku ya kwanza, mwenye mzigo, ambaye ni daktari wa mifugo, angelipia ushuru na katoni zikatoka. Lakini ameshaonywa mara mbili, na kosa la tatu ni kunyang'anywa leseni. Akakata rufaa. Huu ni mwezi wa pili, katoni ziko ghalani.

"Nilikuwa navuta muda tu," ananiambia. "Nina watoto watatu, baba yao alishajiendea. Leseni ndiyo mume wangu."

Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Kaka yake mkubwa anafuga ng'ombe wa maziwa karibu na majengo yanayojengwa, ambako mafundi hutupa vipande vya waya wa kufungia nondo. Naye aliagiza sumaku kwa daktari huyo huyo, moja kwa kila ng'ombe. Jumapili alikufa ng'ombe wake wa tatu tangu katoni zizuiliwe, mwenye mimba. Daktari alipompasua, akakuta waya.

"Kaka hakunigombeza. Alinipigia akauliza, 'Mdogo wangu, zimetoka?' Nikamwambia bado kidogo. Akasema, 'Haya, pole na kazi.' Afadhali angenitukana."

Kaka anaamini forodha ndio waliozizuia. Hajaambiwa kwamba ni dada yake anayepigania leseni.

Mama Vifungu anafungua faili, anaomba kalamu. Anaandika kwamba anaondoa rufaa na kukubali kosa, anasaini, anaisukuma karatasi chini ya kioo. Mkaguzi anamtazama kwa mara ya kwanza.

"Una hakika, mama?"

"Piga muhuri, baba."

Katoni zitatoka kesho. Anasema atamfuata kaka nyumbani kwake, amweleze yote kwa mdomo wake, halafu aanze kutafuta kazi, hata ya kufagia ghala.

Namuuliza kaka aliagiza sumaku ngapi.

"Nne," anasema. "Sasa moja itamtosha."