Nusu Kilo ya Abby

Cheptanui amepima maziwa katika kituo cha ushirika huko Subukia kwa miaka kumi na mmoja. Maziwa yaliyotiwa maji huyarudisha bila kupandisha sauti. Aliwahi kurudisha ya mama mkwe wake, Jepkemei, mbele ya foleni nzima.

Mwaka jana binti yake Abby, mwenye miaka sita, alizibwa tundu la moyo katika hospitali moja mjini Nakuru. Siku ya tatu alitolewa ICU akaletwa wodini, macho yamevimba.

"Mwili ukipasuliwa hushtuka," muuguzi Wariara alieleza. "Hutoa homoni inayoziambia figo zishike maji. Tukimpa mengi, yataingia kwenye mapafu. Kwa siku ni mililita mia saba, basi."

Cheptanui aliandika kila kilichoingia na kila mkojo uliotoka. Hesabu yake na ya wodi hazikupishana hata kijiko. Lakini asubuhi ya tano mizani ilionyesha Abby ameongeza nusu kilo tangu jana, na alikuwa akihema haraka. Daktari alisema huenda moyo unashindwa. Saa sita angerudishwa ICU, kwenye mashine ya kupumua.

Cheptanui alisoma daftari lake mara mbili. Kisha akamgeukia Jepkemei, aliyebaki na mtoto kila yeye alipotoka.

"Mama, umempa Abby maji?"

"Mimi? Sista alikataza maji. Mimi si kiziwi."

"Hujampa kitu chochote?"

"Nimempa mursik, maziwa yangu ya mgando ya kibuyuni. Kwani mtoto atapona na njaa?"

"Mursik ni maji, Mama."

"Yangu?" Jepkemei alisimama. "Maziwa yangu hayajawahi kuwa na maji!"

"Niliwahi kuyarudisha."

"Mara moja! Na siku hiyo kulikuwa na mvua."

Wariara, aliyekuwa kando akiwasikiliza, aliinama, akatoa kibuyu chini ya kitanda na kukitikisa. "Shosho, umempa kiasi gani?"

"Kidogo. Kikombe kimoja tu kila huyu akitoka. Jana alitoka mara tatu."

Wariara alikwenda kumwita daktari, na kibuyu akaenda nacho. Safari ya ICU iliahirishwa, dawa ya kukojoza ikaongezwa. Cheptanui aliandika: mursik, vikombe vitatu, mililita mia sita. Kwenye nafasi ya aliyempa aliandika "familia".

Asubuhi iliyofuata Abby alikuwa amepungua gramu mia nne, akihema vizuri. Jepkemei alisogeza kiti karibu na daftari.

"Na uji?" aliuliza. "Uji nao mnauhesabu?"